Nguvu ya Pigo Inakaa Wapi? Ndani ya Mashine za Kufua Chuma cha Moto

Konrodi ya lori, yaani fimbo inayounganisha pistoni na shafti kuu ya injini (krankishafti), ikivunjika, fundi wa gereji ya Nyakato, Mwanza, haichomelei. Anaitupa kwenye rundo la vyuma chakavu na kuagiza nyingine. Krankishafti na ekseli nyingi nazo hutendewa hivyo hivyo. Kulehemu kunawezekana, lakini uimara wa vipande hivi hautokani na aina ya chuma peke yake. Unatokana pia na jinsi chuma hicho kilivyosukumwa kikiwa cha moto hadi kikajaza umbo lake, na moto wa kulehemu huivuruga kazi hiyo pale pale ulipogusa.

Fundi mitumbwi anayeijua kazi yake ataelewa haraka. Taruma zuri, ule ubavu wa mtumbwi, hutafutwa kwenye tawi lililojipinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mpindo badala ya kukatwa na msumeno. Chuma nacho kina nyuzi. Wakati wa kuviringishwa kiwandani, chembe zake na uchafu mdogo uliomo ndani hunyooshwa kuelekea upande mmoja. Ukichonga krankishafti kwa mashine ya leth kutoka kwenye kipande kinene, nyuzi hizo zinakatwa kila penye kona. Ukiisubu kwa chuma kilichoyeyuka, mpangilio huo haupo kabisa, na huenda vikabaki vitundu vya hewa visivyoonekana. Ukiifua, nyuzi zinapinda pamoja na umbo, na ufa wa uchovu, unaoletwa na mzigo unaorudiarudia, unapata shida kuanza mahali ambapo mzigo ni mkubwa zaidi.

Mhunzi wa mtaani anayegeuza springi ya lori kuwa panga au jembe anaifanya kazi hiyo hiyo kwa nyundo ya mkono. Tofauti kati yake na kiwanda ni ukubwa wa kipande na idadi inayotakiwa kwa saa, na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa mashine nitakazozieleza.

Kwanza moto wenyewe. Chuma baridi hukubali kupinda kidogo, kisha kila unapokipiga kinazidi kuwa kigumu, na mwishowe kinapasuka. Kikipashwa hadi kati ya nyuzi 1,100 na 1,250 za Selsiasi, yanatokea mambo mawili kwa pamoja. Ukinzani wake hushuka hadi kama sehemu ya tano au ya kumi ya ule wa baridi, na chembe zilizopondwa hujijenga upya karibu papo hapo, hivyo unaweza kuendelea kukipiga bila kukichosha. Kikizidi moto, mipaka kati ya chembe huanza kuungua, na chuma kilichofika huko hakiponi; kazi yake ni kurudi chakavu. Kikishuka kuelekea nyuzi 900 kinaanza kugoma, na mashine ndiyo inayoumia. Kwa kipande kidogo, kati ya kutoka tanurini na kufika hali hiyo ya kugoma kuna sekunde chache tu. Sehemu kubwa ya muundo wa mashine hizi inatokana na haraka hiyo.

Sasa tupige hesabu. Chukua kipande chenye eneo la sentimita za mraba 100, karibu ukubwa wa kiganja. Tuseme chuma cha moto kinapinga kwa megapaskali 100, yaani takriban kilo 1,000 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa haraka mtu atasema tani 100 zinatosha. Hazitoshi. Chuma hiki hakibonyezwi hewani. Kimefungiwa ndani ya kalibu, vile vipande viwili vya chuma vilivyochongwa umbo ndani yake, kinasuguana na kuta zake, na kingo zake nyembamba zinapoa upesi. Mwishoni mwa pigo mahitaji yanaweza kupanda mara tano, sita, hata nane. Tukichukua mara sita, tunapata tani 600 kwa kitu kinachoenea mkononi.

Hakuna mota ya kawaida itakayotoa msukumo wa aina hiyo moja kwa moja, na kama ingekuwepo ingezima taa za mtaa mzima kila inapopiga. Kwa hiyo kila mashine ya kufua inalazimika kujibu maswali mawili: nguvu inahifadhiwa wapi kabla ya pigo, na inakwenda wapi baada ya pigo? Ukiyashika hayo mawili, katalogi ya mashine inakuwa rahisi kusoma kuliko inavyoonekana, kwa sababu karibu kila kipande kilichochorwa humo kipo kwa ajili ya swali mojawapo.

Nyundo: nguvu imo kwenye uzito unaoshuka

Jibu la kwanza ndilo la zamani kuliko yote. Inua kitu kizito, kiachie. Kichwa cha nyundo chenye uzito wa tani 1 kikianguka kutoka mita 1.5 kinafika chini kwa mwendo wa mita 5.4 kwa sekunde kikiwa na nishati ya karibu kilojuli 15. Nyundo za kisasa hazitegemei kuanguka tu. Juu ya kichwa kuna fimbo na pistoni ndani ya silinda, na hewa iliyoshindiliwa, mvuke au mafuta ya haidroliki hukisukuma kuelekea chini, hivyo pigo linakuwa zito kuliko ambavyo uzito pekee ungetoa.

Mskoti James Nasmyth alichora nyundo ya mvuke mwaka 1839, alipoombwa njia ya kufua shafti ya magurudumu ya pembeni ya meli Great Britain. Brunel, mhandisi wa meli hiyo, akabadili mawazo na kuchagua propela, na mchoro ukabaki kwenye daftari. Waliotangulia kuiunda nyundo yenyewe walikuwa watu wa kiwanda cha Schneider kule Le Creusot, Ufaransa. Nasmyth aliikuta ikifanya kazi huko, akarudi kwao na kuchukua hataza mwaka 1842. Mwaka 1877 Le Creusot walikuwa na nyundo ya tani 100. Mahitaji ya meli ndiyo yaliyoisukuma teknolojia hii, jambo ambalo halipaswi kumshangaza mkazi wa mji wenye bandari.

Swali la pili, la nguvu kwenda wapi baada ya pigo, ndilo linaloitesa nyundo. Chini ya chuma cha moto kuna fuawe, kitako kizito kinachopokea pigo. Fuawe likiwa jepesi, nalo linaondoka na sehemu ya pigo badala ya kuiacha ifanye kazi ndani ya chuma. Hesabu yake ni fupi: sehemu ya nishati inayobaki kwenye chuma ni uzito wa fuawe ukigawanywa kwa jumla ya uzito wa fuawe na wa kichwa cha nyundo. Fuawe likiwa zito mara 3 ya kichwa, asilimia 75 ya pigo inafanya kazi. Likiwa mara 20, ni asilimia 95. Ndiyo maana nyundo ya tani 1 hukalia fuawe la tani 15 hadi 20, na gharama kubwa ya mashine imelala chini ya sakafu ambako mgeni haioni.

Ile asilimia 5 iliyobaki inaingia ardhini. Hapa Mwanza jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa mji umekaa juu ya mawe. Wengi wataona mwamba kuwa baraka: msingi hautatitia. Ni kweli hautatitia, lakini mwamba wa matale hausharabu mtikiso kama udongo unavyofanya. Mtikiso husafiri ndani yake mbali na kwa urahisi, ukapanda kwenye nyumba zilizojengwa juu ya mwamba huo huo. Nyundo iliyofungwa moja kwa moja kwenye jiwe la Igogo au Mabatini ingesikika vitandani kwa watu wasioijua hata ilipo. Dawa ni kuweka fuawe au bloku nzima ya zege juu ya springi kubwa za chuma zenye vizuia mtikiso, ndani ya shimo lenye nafasi pande zote, ili kiasi kidogo tu kifike kwenye mwamba. Ningekuwa mtoa vibali, ningeuliza mchoro wa msingi kabla sijauliza chochote kuhusu mashine.

Wabunifu wengine waliliondoa fuawe kabisa. Wanatumia vichwa viwili vinavyokutana katikati, kimoja kikishuka na kingine kikipanda, na misukumo yao inafutana. Msingi unapumzika. Tatizo ni kwamba kalibu ya chini nayo inatembea, na kukiweka sawasawa kipande cha moto juu ya kitu kinachotembea kunataka ustadi au mkono wa roboti.

Presi ya kranki: nguvu imo kwenye flaiwili

Viwanda vinavyotoa vipande vya magari kwa maelfu hutumia zaidi presi hii. Mota inazungusha flaiwili, yaani gurudumu zito la kuhifadhi nguvu, kwa mikanda, mfululizo, pigo liwepo lisiwepo. Klachi inapokamata, flaiwili inaizungusha krankishafti nene, konrodi inageuza mzunguko kuwa mwendo wa kushuka, na kitelezi chenye kalibu ya juu kinakibonyeza chuma. Ni injini ya gari iliyogeuzwa: kwenye gari pistoni inaizungusha kranki, hapa kranki inaisukuma pistoni.

Uzuri wa flaiwili unaonekana kwenye namba. Tuseme ni sahani ya chuma ya tani 5 yenye nusu kipenyo cha mita 1, ikizunguka mara 300 kwa dakika. Ndani yake kuna nishati ya takriban megajuli 1.2. Ikipunguza mwendo kwa asilimia 10 tu wakati wa pigo, inatoa asilimia 19 ya akiba hiyo, zaidi ya kilojuli 230. Pigo lenyewe likichukua sehemu ya ishirini ya sekunde, hiyo ni sawa na zaidi ya megawati 4 kwa muda huo mfupi. Mota ya kilowati 50 inairudisha akiba hiyo kwa sekunde tano hivi, bila kuushtua umeme wa jirani. Kwa mji ambao volteji inapanda na kushuka, sijui sifa nzuri kuliko hiyo.

Presi hii haiulizi chuma kama kiko tayari. Kitelezi kitafika mwisho wa safari yake, hatua ile ile kila mara, na kadiri kranki inavyokaribia sehemu ya chini kabisa ndivyo msukumo unavyokua. Tani zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine zinapatikana milimita chache za mwisho tu. Juu zaidi ya hapo uwezo ni mdogo, jambo ambalo wauzaji hawalitaji bila kuulizwa. Kipande kikiingia baridi au kinene mno, fremu inanyooka kama springi, kwa milimita moja au mbili kwenye presi kubwa, na kitelezi kinanasa chini. Mota inanguruma, flaiwili imesimama, na tani zote zimefungiwa ndani ya chuma cha fremu. Kuna tahadhari mbili za kujinasua. Kwanza, fremu hufungwa kwa nguzo nne ndefu zenye nati kubwa ambazo zinaweza kulegezwa kwa haidroliki. Pili, chini ya meza huwekwa kabari inayoweza kuvutwa. Anayejaribu kuinasua kwa kukata kalibu kwa moto wa gesi anachezea maisha yake.

Klachi na breki vinastahili kuangaliwa kuliko kipande kingine chochote. Klachi hukamatwa kwa hewa. Breki hufungwa kwa springi na kufunguliwa kwa hewa. Mpangilio huo ni wa makusudi: hewa ikikatika, klachi inaachia na breki inakamata, na kitelezi kinasimama. Mashine iliyofanyiwa ujanja hapo, kwa mfano valvu ya breki kupitishwa pembeni ili kazi isisimame, ndiyo inayokata mikono. Kalibu za kitelezi hukaa sawa kwa sababu ya reli za pembeni, na kwenye mashine za moto nafasi kati ya reli na kitelezi hupangwa kwa kuzingatia kwamba kitelezi kitapata joto na kutanuka. Chini ya kalibu kuna pini za kuchomoa kipande. Zisipokuwepo, kinang'ang'ania na kuendelea kuichoma kalibu.

Kati ya nyundo na kranki ipo presi ya skrubu: flaiwili iliyofungwa juu ya skrubu nene, inayozunguka upande mmoja kushuka na upande mwingine kupanda. Haina mwisho uliopangwa, hivyo hainasi kirahisi, na ni nafuu. Zile za msuguano, zenye sahani mbili zinazoisukuma flaiwili kwa zamu, bado zinafanya kazi kwenye karakana nyingi za India na China.

Haidroliki: nguvu imo kwenye mafuta yaliyobanwa

Jibu la tatu halina pigo hasa. Pampu inabana mafuta, mafuta yanasukuma pistoni pana. Silinda yenye kipenyo cha mita 1 na mgandamizo wa bar 250 inatoa karibu tani 2,000, na inaweza kuzitoa popote katika safari yake, kwa muda wowote. Joseph Bramah alipata hataza ya presi ya haidroliki mwaka 1795. Mashine kubwa kuliko zote duniani ni za ukoo huu: Marekani ilizindua mbili za tani 50,000 mwaka 1955 kwa ajili ya vipande vya ndege, na China ina moja ya tani 80,000 kule Deyang.

Upungufu wake ni mwendo. Nyundo hugusa chuma kwa sehemu chache tu za elfu moja ya sekunde. Presi ya haidroliki hukaa nacho, kinapoa, na joto lake linahamia kwenye kalibu. Ili kufidia, huwekwa matangi ya akiba yenye gesi ya naitrojeni iliyobanwa nyuma ya mafuta, yanayomwaga mafuta kwa kasi pale yanapohitajika. Kwa shafti ya propela ya meli, inayogeuzwa taratibu na kubonyezwa kipande baada ya kipande, ucheleweshaji huo si hoja.

Tanuri na kalibu

Mtu akisema mashine ya kufua huwa anafikiria kile kinachopiga. Lakini bila kinachopasha na kinachotoa umbo, hakuna kazi.

Ukanda huu una historia ya tanuri ambayo wengi hatufundishwi. Upande wa magharibi wa ziwa, Buhaya, watu waliyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza kwamba mirija ya udongo ya viriba iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hewa ikapata moto kabla ya kufika kwenye mkaa, na joto likapanda sana. Warongo wa Uzinza na Geita nao walijulikana kwa majembe yao.

Kiwanda cha leo hutumia tanuri la gesi au mafuta, au koili ya umeme. Koili ni bomba la shaba lililozungushwa. Mkondo wa umeme unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde unapita ndani yake, na kipande kilichowekwa katikati kinapata joto chenyewe bila kuguswa na mwali. Kadiri kipande kinavyokuwa kinene, mabadiliko hayo hupunguzwa kasi ili joto lizame zaidi. Kinapashwa upesi, na magamba ya kutu ya moto yanayotokea ni machache kuliko ya tanurini, ambako asilimia 1 hadi 3 ya chuma inaweza kupotea. Ndani ya bomba la shaba yanapita maji ya kupoza. Maji ya ziwa yasiingizwe humo moja kwa moja, kwa sababu mwani na tope vitaliziba, na koili iliyoziba huyeyuka haraka. Weka mzunguko uliofungwa wenye maji safi, kisha maji ya ziwa yaupoze mzunguko huo kutokea nje.

Kalibu hutengenezwa kwa chuma chenye kromiamu kama asilimia 5, pamoja na molibdenamu na vanadiamu, ili kihimili joto bila kulainika. Hupashwa kwanza hadi nyuzi 150 au 300, maana kalibu baridi ikipokea chuma cha nyuzi 1,200 inaweza kupasuka siku ya kwanza. Baada ya kila pigo hunyunyiziwa mchanganyiko wa grafiti na maji: maji yanapoza, grafiti inabaki kama utelezi. Kuta zake huinama nyuzi 3 hadi 7 ili kipande kitoke, na kona zake huviringwa ili chuma kipite bila kujikunja.

Kuzunguka umbo kuna ukingo mwembamba ambako chuma cha ziada hutokea. Mgeni huona ni hasara. Kwa kweli ukingo huo ni breki: ukipoa unakuwa mgumu, unakizuia chuma kutoroka, na kukilazimisha kujaza pembe za mbali za kalibu. Ndio pia unaopandisha zile tani 100 hadi 600. Ukingo ukiwa mwembamba mno, mashine inalemewa. Ukiwa mnene mno, pembe zinabaki tupu. Mafundi wa kalibu hutumia muda mwingi hapo kuliko kwenye umbo lenyewe, kisha presi ndogo ya pembeni huukata na kuutupa.

Karakana ya hapa ingeanza na ipi?

Soko la karibu lipo: majembe, mapanga, nyundo na patasi za wachimbaji, minyororo na nanga za mitumbwi, na mipira ya chuma inayosaga mawe ndani ya makarasha ya Geita. Mipira hiyo midogo hutengenezwa vizuri zaidi kwa rola zenye mifereji ya mzunguko zinazokata nondo ya moto na kuiviringa kwa pamoja, kwa hiyo nisingeshauri mtu aipige mmoja mmoja. Kwa vifaa vya mkono ningechagua nyundo ya hewa ndogo inayojitegemea, yenye kompresa ndani yake, ya kichwa cha kilo 75 hadi 150. Haihitaji kalibu za bei kali, inamruhusu mhunzi mzoefu aendelee kutumia jicho lake, na msingi wake unachimbika hata kwenye kiwanja cha mawe. Presi ya kranki ije pale oda ya kipande kimoja inapofika maelfu.

Anayenunua presi iliyotumika aombe kuiona ikizunguka. Asikilize breki inakamata baada ya pembe gani kila inapozimwa, apime nafasi kati ya kitelezi na reli zake juu na chini, apake mafuta mepesi na unga wa chaki kwenye kona za fremu ili ufa ujitokeze, na aangalie kama nyuzi za nati za nguzo kubwa zimewahi kuchomelewa. Zikiwa zimechomelewa, bei yoyote itakayotajwa ni kubwa mno.